VITI VYETU VITOKE KATIKA MTI GANI?

Ndugu zetu wa Chiwata, na wa Masasi na Newala kwa jumla, kila mwaka minada ya korosho ikisha kufunguliwa mwezi wa Oktoba na vyama vya msingi vikaanza kulipa, fedha huingia majumbani karibu kwa wakati mmoja. Wauza samani wanalijua jambo hilo vizuri kuliko sisi wenyewe. Malori yao hupanda huku yakiwa yamesheheni makochi, makabati ya vioo na vitanda vinavyong'aa, nayo huteremka matupu, ila mifuko ya wenyewe imejaa. Sisi hutazama tu. Safari hii twapenda kusema mapema, fedha ingali mbali, maana fedha ikishashikwa mkononi hakuna tena asikiaye.

Twasema hivi. Mtu anunuapo kiti au kitanda ananunua mti, hata kama hakuuliza ni mti gani. Na akinunua mti amekwisha kuamua mambo matatu kwa mpigo: kitu hicho kitadumu miaka mingapi, msitu gani umekatwa, na fedha ya korosho yake imekwenda kulala kwa nani. Mambo hayo hayamhusu seremala peke yake. Ni siasa pia, wala tusione haya kuyajadili katika mikutano ya matawi kama tunavyojadili bei ya salfa na ubovu wa barabara.

Tuanze na hivyo vinavyong'aa. Vitanda na makabati mengi yaletwayo na malori hayakutengenezwa kwa ubao uliopasuliwa katika gogo. Ni mti uliosagwa ukawa nyuzi au chembe, ukachanganywa na gundi, ukakandamizwa kwa joto katika mashine mpaka ukawa bapa, kisha ukavikwa karatasi yenye picha ya mbao. Ile ya nyuzi laini mafundi huiita MDF, na ile ya chembe huiita chipubodi. Hatusemi kuwa ni vitu vibaya kila mahali. Katika ofisi ya mjini yenye sakafu ya saruji na paa lisilovuja, bapa hilo limenyooka, halipindi kama ubao mbichi, na bei yake ni nafuu. Lakini nyumba zetu ni zipi? Nyingi zina sakafu ya udongo. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua hupiga na unyevu hupanda ukutani, na kiangazi kikija mchwa hufuata chochote kilichogusa ardhi. Bapa lile likinywa maji miguuni huvimba kama mkate uliolowa, nalo likisha kuvimba halirudi. Skrubu ikilegea haishiki tena. Hamisha kabati la namna hiyo nyumba mbili tu, la tatu hulifikishi.

Na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo. Kiti cha mbao kikivunjika mguu, fundi wa kijiji hukichukua, akachonga ulimi mwingine, akauingiza katika tundu, kiti kikaishi miaka ishirini mingine. Kabati la gundi likifumuka hakuna fundi awezaye kulifufua, maana hakuna cha kuunga, ni unga tu. Halifai hata kwa kuni, kwa kuwa moshi wa gundi ile haufai kupikia ugali wa watoto. Basi mwenye fedha kidogo ndiye anunuaye mara tatu, na mara zote tatu fedha imeondoka wilayani. (Makochi ya ngozi ya bandia tusiyataje sana. Mwaka wa kwanza jirani hudhani umeendelea. Mwaka wa pili ngozi yabanduka, jirani aona kitambaa.)

Wapo watakaosema: "Mnataka turudi katika kitanda cha kamba?" La, ndugu. Ingawa kitanda cha kamba kilichotengenezwa vema, matendegu yake ya mti mgumu na kamba zake zimekazwa, kimewazika wamiliki wengi kabla chenyewe hakijavunjika. Sisi twasema juu ya jambo jingine. Nchi hii ya kusini imekuwa ikitoa mbao nzuri kwa miaka mingi, na wenye nchi wamekuwa wakikalia mabaki.

Tazameni habari zake. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango wao wa karanga, na Nachingwea, jirani zetu hapa, misitu ikafyekwa kwa mashine ili zipandwe karanga za kutoa mafuta kwa ajili ya Uingereza. Mti wa miaka mingi ulionekana kuwa kikwazo cha trekta. Mpango ukavunjika mwaka 1951, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili yake ikafungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tulibaki bila karanga, bila reli na bila miti.

Hayo walifanya wakoloni. Lakini yaliyofuata tuliyafanya wenyewe. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, barabara ya kusini iliyokuwa ikikatika kila masika ikawa rahisi kupitika, nasi tulishangilia, kwa haki kabisa. Pamoja na neema hiyo wakaja wanunuzi wa magogo. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti juu ya biashara hiyo ya kusini mwa Tanzania. Ilionyesha kuwa kwa hesabu za forodha za China, mbao zilizoingia kwao kutoka Tanzania zilikuwa mara kumi ya zile zilizoandikwa katika vitabu vyetu kuwa zimetoka. Kwa maneno mengine, kwa kila gogo moja tulilolihesabu, tisa yalipita gizani. Na kwa makadirio ya ripoti hiyo, mapato yaliyopaswa kukusanywa yalipotea mpaka kufikia asilimia 96. Nani aliyapitisha magogo hayo? Hayakuwa na miguu. Yalipita mbele ya macho ya watu wenye vyeo, na wengine wao walikuwa na kadi za vyama mifukoni.

Ndugu, hii ni hadithi ile ile ya korosho. Sehemu kubwa ya korosho twaiuza ghafi, ikabanguliwe India na Vietnam, tukaikute dukani katika pakiti yenye maandishi ya kigeni. Gogo nalo twalitoa ghafi, kisha melini hurudi kiti. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 neno la kujitegemea lilikuwa katika kila kinywa. Lakini je, lilifika sebuleni?

Sasa tugeukie upande wa pili, maana kuna wazalendo wengine ambao uzalendo wao ni mwepesi. Hao husema: "Basi kila kitu na kiwe cha mninga." Mninga, ambao huku kusini wengi huuita mtumbati, ni mbao tukufu, hatubishi. Rangi yake ni ya kahawia yenye mistari, haipindi sana ikikauka, yachongeka bila kumchosha fundi, na kiini chake mchwa hukiogopa. Lakini mti huo hutaka karibu miaka 100 kufikia unene wa kupasuliwa. Mche wake una tabia ya ajabu: kila kiangazi, kwa miaka kadhaa, sehemu ya juu hufa kwa ukame au kwa moto, kisha huchipua tena kutoka mizizini, mpaka mizizi ipate nguvu ya kuinua shina. Ndiyo sababu mashamba ya kupandwa ya mninga hayaonekani kama ya misonobari. Mtu anayekata mninga leo anakata mti uliokuwa umesimama kabla ya Vita vya Majimaji au karibu na wakati huo. Je, mti wa namna hiyo twaufanyia stuli ya kuwekea redio?

Tena mninga mwingi uuzwao kwa bei ya kutupa katika njia za panya hauna alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu wala hati ya kusafirishia. Mnunuzi hujidanganya kuwa amenunua cha nyumbani. Kweli amenunua cha nyumbani, lakini amekinunua kwa mwizi, na aliyeibiwa ni kijiji chake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake katika ardhi ya kijiji, kuusimamia, kuuza mbao zake kwa mpango na kubaki na mapato yake. Kule Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilifanya hivyo, na mwaka 2009 vikapata cheti cha FSC, cheti kinachokubaliwa duniani kuwa mti umekatwa kwa haki na kwa kipimo. Watu wa Kilwa si malaika, wala hawakuzaliwa na elimu kuliko sisi. Walikaa mkutano, wakachora mpaka, wakahesabu miti yao mmoja mmoja, wakajua ipi ikatwe na ipi iachwe. Kijiji kisichojua idadi ya miti yake kitajuaje kuwa kimeibiwa?

Basi tuchague vipi? Hapa twaomba msomaji atuvumilie, kwa maana tutaingia karakana.

Kitu kimoja hakilazimiki kutoka katika mti mmoja. Mafundi wazuri walilijua hili zamani. Mahali panapobeba uzito na panapogusa ardhi pawe mti mgumu; mahali palipo juu, pakavu, pasipobeba sana, patoshe mti mwepesi wa kupandwa. Chukueni kitanda. Matendegu yawe ya mkongo, mti mzito usiotishwa na mchwa, ambao mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu kila mtoto wa huku amezichezea. Matendegu manne hayali mbao nyingi. Mifumbati iwe ya mninga wenye alama, au ya msaji wa kupandwa kutoka Longuza, Mtibwa au Kilombero, ukipatikana. Chaga, zile za kubeba godoro, ziwe za msonobari, yaani paina, mbao za Mafinga. Hapo umetumia mti mgumu mchache kuliko ule ambao ungetumia kwa kitanda kizima, na kitanda chako hakina aibu mbele ya mtu.

Kabati la nguo ni vivyo hivyo. Fremu na miguu vya mti mgumu, rafu na mgongo vya paina. Meza ya kulia chakula twaona iwe ya mti mgumu au paina isiyo na dawa, kwa sababu ile paina ya kijani iliyolowekwa dawa ya mchwa ni ya kupaulia nyumba, si ya kuwekea sahani, wala vipande vyake visiingie jikoni kuwa kuni. Jambo hilo twalirudia kila tupatapo nafasi, maana tumeona watoto wakiviokota.

Paina hudharauliwa sana huku. Watu huiita mbao ya boksi. Ni kweli kuwa ni nyepesi na mchwa huipenda ikigusa ardhi. Lakini hukatwa katika miaka 25 hivi, ikapandwa tena, na imetoka katika shamba la Sao Hill huko Mufindi, ambako Watanzania wamepanda, wamepalilia, wamepasua na wamelipwa. Kununua paina ni kumpa mkulima wa Mufindi kazi na kumwachia mninga wa Chiwata muda wa kunenepa. Kwa nini tuone haya?

Miembe na mikorosho mizee inayong'olewa nayo huletwa kwa mafundi. Kwa benchi la uani au sanduku ifae, lakini bungua huishambulia upesi. Mtu asiuziwe kwa jina la mbao ya sebuleni. Na mpingo tuuache kwa wachongaji. Mti unaozama majini kwa uzito, ulioyapeleka mafundisho ya mikono ya Wamakonde mpaka majumba ya sanaa ya Ulaya, na ambao hutengenezewa zumari za kizungu, si wa kufanyiwa mguu wa kochi.

Sasa hila za sokoni. Kuna paina inayopakwa rangi ya kahawia na vanishi ikaitwa mninga. Mnunuzi ageuze kiti juu chini, atazame mahali ambapo brashi haikufika, akwaruze kidogo kwa ukucha au kisu. Paina ni nyeupe na ina harufu ya utomvu. Mninga hubaki kahawia ndani. Halafu anyanyue: mkongo ni mzito mkononi, hauwezi kughushiwa. Atazame pia ile sehemu nyeupe iliyokuwa karibu na gome. Hata mti uwe wa heshima namna gani, sehemu hiyo bungua hawaiachi, na vumbi jeupe chini ya kiti ndiyo barua yao. Fundi mwaminifu huikata akaitupa. Fundi mwenye haraka huificha chini ya kiti.

Tumefika kwa mafundi, na hatutawapaka mafuta. Wengi wao ni mafundi kweli kweli. Ndanda Wabenediktini walifundisha useremala kwa vizazi, na vijana wengine wametoka vyuo vya ufundi, na randa ikiwa mikononi mwao mtu hupenda kusimama kutazama. Lakini kwa nini watu wanawakimbia kwenda kwenye malori? Kwanza, lori lina kitu tayari, fundi ana ahadi. Mama mmoja alimwambia fundi mbele yetu: "Mwanangu, nilikupa fedha mahindi yakipandwa, sasa tumekwisha kuyala." Fundi akajibu: "Nisamehe mama, mbao hazijakauka." Mama akauliza: "Nawe ulipochukua fedha yangu hukuzijua kuwa ni mbichi?" Fundi akanyamaza. Twaona mama alikuwa na haki.

Pili, ubao mbichi. Ubao wa inchi moja hutaka miezi mingi ya kupangwa kivulini, vijiti katikati ili upepo upite, mbali na ardhi. Fundi asiye na mtaji hawezi kuzilaza mbao miezi yote hiyo. Hununua leo, hutengeneza kesho, na mwezi wa Agosti upepo mkavu wa Newala ukivuma mlango wa kabati hupasuka kwa kishindo usiku. Hapo mteja hulaumu mbao za nyumbani, akaapa kununua za lori. Kosa si la mti. Ni kosa la mtaji, na mtaji ni kazi ya ushirika. Mafundi sita wakichanga, wakanunua mbao zenye hati mwezi wa Desemba, wakajenga kibanda kimoja cha kukaushia, Oktoba inayofuata watakuwa na mbao kavu wakati ambapo fedha ya korosho imeingia. Vyama vya msingi vimewahi kukopesha pembejeo. Kwa nini visikopeshe mbao?

Lakini hatuwezi kuwahubiria wakulima wakati ofisi zetu zimejaa viti vya gundi. Tumeingia ofisi ya umma moja katika pande hizi tukahesabu viti kumi na viwili vya kuzunguka, saba vimevunjika, vimerundikwa pembeni kama mifupa, na nje ya dirisha kulikuwa na karakana ya seremala aliyekuwa akipiga miayo. Kiongozi wa ofisi hiyo alitueleza kuwa taratibu za manunuzi ni ngumu. Taratibu ziliandikwa na watu, na watu waweza kuziandika upya. Zabuni ya viti ikitaka karatasi kumi na tano, fundi wa Chiwata hawezi. Ikitaka sampuli ya kiti na dhamana ya mwaka mmoja, aweza.

Madawati ni vivyo hivyo. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza na watoto wakafurika madarasani, Serikali ya Rais Magufuli iliamuru upungufu wa madawati umalizwe kabla ya tarehe 30 Juni, na Bunge likatoa shilingi bilioni 6 zilizobanwa katika matumizi yake. Watoto wengi waliinuka kutoka sakafuni, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kazi ya amri na tarehe hukutana na ubao mbichi. Sisi tuliosoma ualimu twajua dawati lililolegea: mtoto huandika huku amelishika kwa mkono mmoja, na kila mara mwalimu husikia kelele badala ya jibu. Dawati halipaswi kungojea amri. Shule yenye msitu wa kijiji karibu na fundi mmoja anayelipwa kwa mwezi yaweza kutengeneza manne kila wiki na kukarabati mengine, mwaka baada ya mwaka.

Basi twapendekeza haya kwa matawi ya Chiwata na ya jirani, na twangojea kupingwa. Kabla minada haijafunguliwa, kila tawi liite mafundi wake na wajumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji katika mkutano mmoja. Mafundi waseme bei ya kitanda cha miti miwili, kabati, na dawati la watoto watatu, bei iandikwe ubaoni mbele ya watu, pamoja na siku ya kumaliza kazi na faini ya kuchelewa. Kamati iseme ni miti mingapi kijiji kinaweza kukata mwaka huu kwa hati. Na tawi lenyewe, kabla halijamwambia mtu neno, liagize kwa fundi huyo viti vya ofisi yake: benchi mbili za mkongo na paina zatosha, maana hatukuombwa kuja kuzunguka katika viti.

Mwenye tawi lililokwisha kukaa mkutano huo atuletee bei zilizokubaliwa, tuzichapishe hapa, ili mtu wa Newala ajue fundi wa Chiwata anatoza ngapi.